Gego la Mwisho Linapouma



Mtu mzima ana meno 32. Yanayokuja mwisho ni magego manne, yaliyo nyuma kabisa, moja katika kila pembe ya kinywa. Mara nyingi huota kati ya miaka 17 na 25, wakati kijana anapoanza kuwa na akili ya mtu mzima. Kwa hiyo huitwa meno ya hekima. Wengine hupata mawili tu, wengine hawapati hata moja. Huo si ugonjwa.

Katika somo hili fahamu mambo matatu: gego gani limepasa kung'olewa, mahali pa kung'olewa, na kazi yako mwenyewe ukirudi nyumbani. Jambo la tatu wengi hulisahau, nalo ndilo huwaletea maumivu makali.

1. KWA SABABU GANI GEGO HILI HUSUMBUA?

Fikiri juu ya benchi la shule. Wanafunzi wamekwisha kukaa, na mmoja anakuja kwa kuchelewa. Nafasi ikiwako, atakaa vizuri. Isipokuwako, atakaa upande na kuwasukuma wenzake. Ndivyo lilivyo gego la mwisho. Likikosa nafasi katika taya, hulala upande, ama hubaki ndani ya mfupa, ama hutokea nusu tu, na nusu nyingine hufunikwa na ufizi.

Hili la nusu ndilo linalosumbua zaidi. Chini ya ufizi ule chakula huingia, na mswaki haufiki. Vijidudu huongezeka. Ufizi huvimba, kinywa hunuka, usaha hutoka, kumeza kunauma, na kinywa hakifunguki vizuri.

2. JE, KILA GEGO LA MWISHO LING'OLEWE?

Hapana. Gego lililoota sawasawa, lisilouma wala kuoza, liache. Lisafishe kila siku kama meno mengine. Huko Uingereza, mwaka 2000, wakuu wa matibabu walitoa agizo kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasing'olewe, maana kila kung'oa kuna hatari yake, na haifai kumtia mtu katika hatari bila sababu.

Lakini ling'olewe kama ufizi wake unavimba mara kwa mara, kama limeoza hata haliwezi kuzibwa, ama kama linaharibu jino la jirani. Vidonge vya sokoni vinaweza kupunguza uvimbe kwa siku chache. Walakini gego li palepale, na ugonjwa utarudi.

3. MAHALI PA KUNG'OLEWA

Usimpe kinywa chako mtu wa sokoni mwenye koleo mfukoni. Koleo lisilochemshwa sawasawa katika chombo cha hospitali linaweza kukutia ugonjwa wa ini au virusi vya UKIMWI kutoka kwa mtu aliyetangulia. Tena mizizi ya gego hili mara nyingine imepindika. Akivuta kwa nguvu, jino huvunjika na mizizi hubaki ndani.

Usiweke tumbaku, petroli, wala kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Vitu hivi huunguza nyama, na jino linaendelea kuuma.

Angalia sana: uvimbe ukishuka chini ya taya mpaka shingoni, ulimi ukiinuliwa juu, mtu akishindwa kumeza mate yake au kupumua vizuri, ni hatari ya kufa. Usingoje kuche. Mchukueni hospitalini usiku ule ule.

4. SIKU YA KUNG'OLEWA

Mwambie munganga mambo yote bila haya: kama una mimba, kisukari, presha ya damu, ugonjwa wa damu wa seli mundu, au virusi vya UKIMWI, kama dawa fulani hukuletea upele au kukubana kifua, kama unakunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Usiache dawa hiyo kwa shauri lako mwenyewe.

Utachomwa sindano ya ganzi. Dawa inayotumiwa sana, lidokaini, ilitengenezwa katika nchi ya Sweden mwaka 1943. Tangu hapo watu wengi wameng'olewa meno bila kulia. Utasikia kusukumwa na kuvutwa, lakini hupaswi kusikia maumivu makali. Ukiyasikia, inua mkono, dawa itaongezwa. Pengine munganga atapasua ufizi kidogo, atakata jino vipande, na kushona kidonda.

Ganzi hukaa saa kadhaa. Usile kabla haijaisha, usije ukauma mdomo na ulimi wako pasipo kujua. Kwa watu wachache mdomo au ulimi hubaki na ganzi siku nyingi, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita karibu na mizizi. Kwa wengi hupona polepole; lakini mwambie munganga.

5. LINDA DONGE LA DAMU

Shimo la jino likijaa damu, damu ile huganda. Donge lile ndilo kifuniko cha mfupa, na chini yake nyama mpya huota. Likitoka, mfupa hubaki wazi, nao unauma kuliko jino lenyewe. Kwa hiyo:

Uma kwa nguvu kitambaa safi cha hospitali kwa nusu saa, bila kukitoa kila mara ili kutazama.

Siku ya kwanza usisukutue kinywa wala usiteme kwa nguvu. Acha mate yatoke yenyewe, ama uyameze.

Usinyonye kwa mrija. Usivute tumbaku, na usinywe pombe.

Usiguse shimo kwa ulimi, kidole, wala kijiti.

Weka kitambaa cha maji baridi juu ya shavu. Lala ukiwa umeinua kichwa.

Kula uji, ndizi iliyopondwa, au supu isiyo moto sana. Pilipili na vyakula vigumu vingoje.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, lakini visizidi 8 kwa siku nzima. Usimeze aspirini, maana inafanya damu iendelee kutoka.

Baada ya saa 24, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Sukutua polepole kila baada ya kula, kwa muda wa juma moja. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida.

6. RUDI HOSPITALINI

Uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua. Usiogope. Lakini rudi upesi kama damu haikomi hata baada ya kuuma kitambaa nusu saa nyingine. Kama homa inapanda au usaha unatoka. Au kama maumivu, yaliyokuwa yamepungua, yanarudi kwa nguvu siku ya tatu au ya nne pamoja na harufu mbaya. Hilo ndilo shimo lililopoteza donge lake. Munganga atalisafisha na kutia dawa, nawe utapata nafuu.

MASWALI

1. Gego gani la mwisho lising'olewe?
2. Taja dalili tatu za hatari ya kufa.
3. Donge la damu lina kazi gani?
4. Nani nyumbani mwako anaumwa gego sasa? Utamwambia nini leo?