Kupunguza Uzito Stockholm Bila Kuaga Ugali

Kati ya mwaka 2015 na 2019, Taasisi ya Karolinska ya Stockholm iliongoza mradi wa utafiti ulioitwa SMART2D. Ulifanyika sehemu tatu kwa wakati mmoja: wilaya za Iganga na Mayuge mashariki mwa Uganda, kitongoji cha Khayelitsha huko Cape Town, na vitongoji vya Stockholm ambako kipato ni kidogo na wahamiaji ni wengi. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa miongoni mwa washirika. Mradi ulihusu kisukari cha aina ya pili, kukizuia kwa walio hatarini na kukidhibiti kwa waliokwisha kukipata. Anayetaka kupunguza uzito kwa ajili ya moyo wake asiseme hayo hayamhusu. Kisukari, presha na mafuta mabaya ya damu ni ndugu wa tumbo moja, na wote watatu hushambulia mishipa ileile inayoulisha moyo.

Kinachonivutia katika mradi huo ni tofauti ya mbinu. Kule Iganga na Mayuge watu walikutana kwa vikundi vya wenye hali moja, na kila mmoja aliombwa amchague mtu wake wa karibu wa kumshika mkono nyumbani: mke, mume, mtoto mkubwa, jirani. Stockholm msaada ulipitia kwenye simu. Mshauri anapiga, mnapanga pamoja lengo dogo, anapiga tena kuuliza limefikia wapi. Kila njia ilifuata mazingira yake, wala sisemi ya simu ni mbaya. Ila kwa Mswahili anayeishi kwenye vitongoji kama Tensta au Skärholmen, chakula hakiliwi peke yake. Anayepika ni mmoja, wanaokula ni sita, na Jumamosi kuna arusi. Simu ikikatwa, sufuria bado iko jikoni. Kwa hiyo ushauri wa hospitali uchukue wote, halafu kikundi ukiunde mwenyewe. Njia zipo, na nyingi ni za bei nafuu au bure, lakini mara nyingi hufunguka kwa anayeuliza.

Mlango wa kwanza ni vårdcentral, kituo cha afya ulichojiandikisha. Usingoje uumwe. Omba miadi na muuguzi, useme unataka kupima hatari ya ugonjwa wa moyo, kisha utaje vipimo kwa majina yao ya Kiswidi: blodtryck (presha), blodfetter (mafuta ya damu) na långtidssocker (wastani wa sukari wa wiki kadhaa zilizopita). Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya juu hata kama hujisikii vibaya, na kwa kawaida mtu hajisikii chochote. Kiuno unaweza kukipima nyumbani kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukishapumua nje. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kwenye sentimita 80 na huwa kubwa kuanzia 88. Kwa mwanamume ni 94 na 102.

Kama Kiswidi chako ni cha dukani tu, omba mkalimani wa Kiswahili siku ile unapoweka miadi. Mgonjwa halipii. Usimpe mtoto kazi hiyo. Mtoto wa miaka kumi na mbili hapaswi kumtafsiria mama yake habari za mishipa iliyoziba, na mama naye atameza nusu ya maswali yake ili asimtishe mwanawe. Palepale uliza kama unaweza kupelekwa kwa dietist, mtaalamu wa lishe. Fahamu pia kwamba Region Stockholm ina Transkulturellt Centrum, kituo chenye watoa elimu ya afya waitwao hälsokommunikatörer, ambao huzungumza na vikundi kwa lugha zao. Chama, msikiti au kanisa linaweza kuuliza kama ziara inawezekana.

Uzito wa kulenga si ule wa siku ya arusi yako. Mwenye kilo 95 akipunguza asilimia tano, yaani kilo tano hivi, presha na sukari tayari huanza kushuka. Akifika asilimia kumi, bora zaidi. Mlo wa kujinyima kwa wiki mbili huondoa maji mengi na furaha yote, kisha kilo hurudi na riba.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko kwenye kazi. Waswidi hufundisha kitu wanachokiita tallriksmodellen, sahani iliyogawanywa. Kwa anayetaka kupungua, nusu ni mboga, robo ni wanga, robo ni nyama, samaki au maharage. Fundisho ni zuri, lakini limetungwa na watu ambao kila mmoja ana sahani yake. Kwenye sinia la pilau hakuna anayejua amekula robo au tatu robo. Dawa si kuvunja desturi ya kula pamoja. Pika mchele nusu ya ule uliozoea, kachumbari na mboga za majani zijae katikati ya sinia, na nyama ikatwe vipande vidogo. Mikono itafuata kilichopo. Siku za kazi, pakua kwenye sahani na ubebe matlåda, chakula cha kwenye bakuli la kufunika cha kupasha kazini. Waswidi wenyewe hawaoni aibu kula maharage ya jana mbele ya bosi.

Mboga zetu zipo. Sukuma wiki hapa ina nduguye, grönkål, ambayo hujaa madukani wakati wa Krismasi na hupatikana imegandishwa. Spinachi ya kugandisha hushika nafasi ya mchicha bila taabu. Mapendekezo ya lishe ya nchi za Kaskazini yaliyotolewa mwaka 2023 yanataja gramu 500 hadi 800 za mboga na matunda kwa siku, angalau gramu 90 za nafaka isiyokobolewa, na nyama nyekundu isiyozidi gramu 350 kwa wiki ikiwa imeiva. Kiasi hicho cha nyama wengi wetu tunakimaliza Jumapili mchana. Kwa nafaka, tafuta dona badala ya sembe, changanya nusu ya unga wa chapati na fullkornsvetemjöl (unga wa ngano isiyokobolewa), na asubuhi upike uji wa havregryn (oti). Uji huo ni miongoni mwa vyakula vya bei ya chini kabisa hapa Sweden, na nyuzinyuzi zake husaidia kushusha kolesteroli.

Mafuta ya kupikia yawe rapsolja, yale yanayotoka kwenye mashamba ya maua ya manjano ya kusini mwa nchi. Tui la nazi na mawese yana mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli. Simwambii mtu wa Pwani aache samaki wa kupaka, wala Mkongomani aache mawese. Viwe vya siku maalumu, na kopo moja la tui lipikie watu wengi. Chumvi isizidi gramu sita kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye Royco, buljong, soseji na mkate. Nunua iliyoandikwa jod (madini joto), na utie kidogo.

Chai nayo inahesabika. Vikombe vinne vyenye vijiko viwili viwili vya sukari ni takribani gramu 30 za sukari kabla hujagusa kanelbulle ya kazini. Na maziwa yake: katika pakiti za Arla, nyekundu ni ya asilimia tatu ya mafuta, kijani ni moja na nusu, buluu ni nusu. Kuhama kutoka nyekundu hadi buluu ulimi huzoea haraka kuliko unavyodhani.

Samaki mara mbili au tatu kwa wiki ni sawa kabisa, ila pana jambo ambalo mgeni haambiwi dukani. Strömming, samaki mdogo wa bei rahisi wa bahari ya Baltiki ambaye mpenda dagaa atamkimbilia, ana sumu za dioksini. Livsmedelsverket, mamlaka ya chakula ya Sweden, inawashauri watoto, vijana na wanawake ambao bado wanatarajia kuzaa wasile samaki wenye mafuta wa Baltiki zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka. Makrill, au salmoni wa kufugwa kutoka Norway, hana tatizo hilo.

Ukichoka kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti, tafuta Nyckelhålet, alama ya tundu la ufunguo. Mamlaka hiyohiyo iliianzisha mwaka 1989, na baadaye Norway na Denmark zikaichukua. Pakiti yenye alama hiyo ina chumvi na sukari kidogo, mafuta bora au nyuzinyuzi nyingi kuliko wenzake wa aina hiyo. Lakini kunde za gunia katika duka la Rinkeby hazina alama yoyote, na bado ni chakula bora kuliko vingi vilivyo nayo.

Kuhusu mwili kutembea, Sweden ina kitu ambacho wengi wetu hatujui kukiomba: fysisk aktivitet på recept, kwa kifupi FaR. Daktari, muuguzi au mtaalamu wa viungo anakuandikia mazoezi kwenye cheti kama anavyoandika dawa: aina gani, mara ngapi, kwa kiasi gani, kisha anafuatilia. Utafiti uliofanyika Sollentuna, kaskazini mwa jiji, na kuchapishwa mwaka 1993 na Mai-Lis Hellénius na wenzake, uliwafuata wanaume wa umri wa kati kwa miezi sita. Ushauri wa lishe na ushauri wa mazoezi, kila mmoja kwa upande wake, ulipunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo asiyeweza kukimbia kwa sababu ya magoti aanzie kwenye sahani, na aliyeshindwa na sahani aanzie kwenye viatu.

Kama umeajiriwa, muulize mwajiri kuhusu friskvårdsbidrag. Ni fedha za afya ambazo mwajiri anaweza kukurudishia bila kodi, hadi krona 5,000 kwa mwaka, kwa ajili ya gym, kuogelea na hata ushauri wa lishe. Si waajiri wote wanaotoa, na viwango hutofautiana, lakini wapo wanaofanya usafi na kutunza wazee ambao mwaka huisha bila wao kuzigusa. Giza la Desemba lisiwe kisingizio. Jiji lina elljusspår, njia za msituni zenye taa, na wakazi wa Rinkeby, Tensta, Husby na Akalla wana uwanda wa Järvafältet mlangoni.

Kikundi sasa. Sweden ina desturi ya studiecirkel, watu wachache wanaojifunza jambo pamoja bila mwalimu wa kuwatisha. Mashirika kama ABF, iliyoanzishwa mwaka 1912, husimamia duru hizo, na watu watatu wanatosha kuanza. Akina mama watano wa Fittja wanaotaka kujifunza kupika pilau isiyoua wanaweza kuomba kusajiliwa, waulize kama kuna ukumbi wenye jiko, na pengine wapate msaada wa gharama. Ruzuku ya serikali imepunguzwa miaka hii, hivyo ulizeni mapema. Mwalikeni mwanamume anayeshinda jikoni kuonja, na msichana anayejua Kiswidi vizuri. Pimaneni viuno kila mwezi, si kila siku. Aliyekwisha kuugua moyo atafute pia tawi la Riksförbundet HjärtLung, chama cha wagonjwa kilichoanza mwaka 1939.

Usinunue sindano wala chai ya kupunguza uzito kutoka kwa mtu wa WhatsApp. Dawa halisi za uzito huandikwa na daktari, na za bandia zinazunguka. Wala usiache dawa ya presha kwa sababu umepungua kilo nne. Kipimo cha dawa hubadilishwa na aliyeiandika. Anayetumia dawa za sukari amwone muuguzi kabla ya Ramadhani, si baada ya kuzimia. Swali lisilo la dharura lipeleke 1177, simu ya ushauri wa afya, mchana au usiku. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, jasho baridi likikutoka au pumzi ikikatika ghafla, piga 112. Usisubiri teksi, wala usimpigie kwanza shangazi.