Pete ya uchumba ya mtindo wa kale

Swali: Mchumba wangu anapenda pete za kizamani, na bajeti yangu haifiki shilingi milioni moja. Nifanyeje? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Achana na almasi, kaka. Hela yako italiwa na jiwe dogo lisiloonekana, na wewe unatafuta pete isiyofanana na ya jirani.

Uko Morogoro, mkoa wenye spineli, vito vya Mahenge. Zile za waridi kali zinagombaniwa na wanunuzi wa nje, lakini za kijivu na za zambarau iliyofifia huwa nafuu, na ndizo zenye sura ya kizamani hasa. Ugumu wake ni 8 kwenye kipimo cha Mohs. Tanzanaiti, pamoja na sifa zake zote, haifiki 7, na mchanga wa kawaida una chembe za ugumu wa 7. Kwenye pete ya kila siku itachubuka. Iache kwa hereni.

Ukizidiwa na bei, ganeti nyekundu inatosha. Waingereza wa enzi za Victoria waliivaa sana.

Umbo ndilo linaloleta ukale: jiwe la duara dufu, vitone vidogo vya dhahabu ukingoni, nakshi ya mkono pembeni. Mpelekee sonara picha. Omba dhahabu ya karati 9, yenye muhuri wa 375. Kama bibi yako ana hereni ya dhahabu iliyokatika, iyeyushwe, ila ipimwe mbele yako kwanza.

Kidole chake kipimwe jioni, si asubuhi.