Skrini Mbili, Kompyuta Moja: Mteja Aone Bei, Asione Siri za Duka

Chukua mfano wa duka la dawa lenye foleni ya watu watano. Mwenye duka amenunua skrini ya pili ya mtumba na kuiweka kwenye kaunta ikimtazama mteja, ili kila mtu aone bei na namba ya till bila kuuliza. Wazo ni zuri kabisa. Shida ni kwamba skrini hiyo inaonyesha kila kitu kilicho mbele ya keshia. Keshia akifungua orodha ya malipo ili ahakikishe pesa ya mtu mmoja imeingia, foleni yote inasoma nani amelipa, saa ngapi na shilingi ngapi.

Aliyenunua dawa asubuhi hakutaka jirani yake ajue. Na kumbuka, majina na namba za simu za wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka wewe unayezitumia uzilinde. Habari njema ni kwamba kurekebisha hali hii hakuhitaji kompyuta ya pili.

Kosa liko wapi?

Kompyuta inaweza kutumia skrini ya pili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurudia: skrini zote mbili zinaonyesha kitu kimoja. Hii inafaa darasani au kwenye mkutano. Ya pili ni kupanua: skrini ya pili inakuwa kama meza iliyoongezwa kando ya ile ya kwanza, na wewe ndiwe unayeamua kitakachowekwa juu yake. Kwa kaunta ya duka, unataka hii ya pili.

Anza na waya

Laptop nyingi zina tundu la HDMI. Skrini za zamani huwa na VGA pekee, kwa hivyo utahitaji kibadilishi. Mwambie muuzaji waziwazi: "Nataka ya kutoka HDMI kwenda VGA." Vibadilishi hivi hufanya kazi upande mmoja tu, na ukinunua ya kinyume hutapata picha.

Jihadhari na mambo mawili zaidi:

- Kile kifaa cha bei nafuu kinachogawa waya mmoja wa HDMI kuwa miwili kwa kawaida hurudia picha ile ile. Hakitakupa skrini mbili tofauti.
- Si kila tundu la USB-C linatoa picha. Uliza kabla ya kununua waya.

Kama unatumia kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha, chomeka skrini zote mbili kwenye kadi hiyo.

Hatua kwa hatua kwenye Windows

1. Chomeka skrini ya pili na uiwashe.
2. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P. Utaona machaguo manne. Chagua "Extend". Hiyo "Duplicate" ndiyo iliyomponza mwenzetu wa duka la dawa.
3. Bonyeza mausi upande wa kulia mahali patupu kwenye skrini, kisha uingie "Display settings". Bonyeza "Identify" ili uone ipi ni 1 na ipi ni 2.
4. Chagua skrini ya keshia na uweke alama kwenye "Make this my main display". Hivyo programu nyingi zitafunguka upande wako, si upande wa mteja.
5. Buruta kile kisanduku cha skrini ya mteja mpaka kiguse cha keshia kwenye kona tu. Mshale wa mausi hautakuwa ukipotelea kwa mteja kila mara.
6. Fungua ukurasa wa mteja. Bonyeza Windows, Shift na mshale wa kulia au kushoto kwa pamoja ili uhamie skrini ya pili. Kama ni brauza, bonyeza F11 ijaze skrini nzima.

Kipi kiende upande gani?

Upande wa mteja weka jina la biashara, namba ya till kwa maandishi makubwa, bidhaa na jumla ya kulipa. Mteja atalinganisha jina hilo na lile linaloonekana kwenye simu yake kabla hajakamilisha malipo. Akikosea tarakimu moja, atagundua mapema, na nyinyi nyote mtaepuka kuanza kuomba pesa irudishwe.

Upande wa keshia baki na orodha ya malipo, mauzo ya siku, barua pepe na WhatsApp. Zima pia arifa zinazoruka zenyewe. Nywila usiiandike kamwe kwenye dirisha lililo upande wa mteja.

Bado thibitisha malipo

Mtu akikuonyesha SMS kwenye simu yake, hiyo si pesa. SMS feki zimewatoa wengi machozi. Tazama malipo upande wako: kiasi, jina na saa. Sasa unaweza kufanya hivyo bila kugeuza skrini wala kumpa mtu simu yako.

Jaribio la dakika moja

Leo jioni kabla ya kufunga, mwombe mwenzako afungue orodha ya malipo. Wewe toka nje ya kaunta, simama mahali mteja husimama, kisha tazama. Ukiona jina la mtu yeyote, rudi kwenye hatua ya pili. Rudia jaribio hili kila unapobadilisha skrini au waya, na pia stima ikipotea na kurudi, kwa maana mpangilio unaweza kubadilika bila wewe kujua.