Mhitimu wa Uhusiano wa Kimataifa na Ajira za Mombasa Bara

Wanafunzi wanaochanganya Kiswahili na uhusiano wa kimataifa huelekea kuamini kwamba shahada yao ina milango miwili tu: ubalozi na ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoko Gigiri, Nairobi. Milango hiyo ni myembamba na foleni yake ni ndefu. Makala haya yanadai kwamba mhitimu wa Likoni, Kisauni au Changamwe amezungukwa na kazi za taaluma yake, ila nyingi katika hizo humdai umilisi wa lugha kabla ya kumuuliza nadharia.

Mfano bora unapatikana Shanzu, Kisauni. Kati ya Desemba 2008 na Machi 2009, Kenya iliafikiana na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kuwapokea na kuwashtaki washukiwa wa uharamia waliokamatwa baharini. Juni 2010, Umoja wa Mataifa ukisaidia, mahakama yenye ulinzi mkali ilifunguliwa Shanzu. Novemba mwaka uo huo, Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba Kenya haikuwa na mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa katika bahari kuu. Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo Oktoba 2012. Kesi za namna hii huhitaji mawakili, naam, lakini pia huhitaji watu wanaoielewa mikataba baina ya mataifa, na wakalimani wa Kisomali. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Tuseme mkalimani, si mfasiri: mfasiri hupewa karatasi na muda, mkalimani hana hata kimoja.

Upande wa Changamwe, bandari hupitisha shehena za Uganda, Rwanda, Sudani Kusini na mashariki mwa Kongo. Mawakala wa forodha huhitaji watu wanaozijua kanuni za nchi hizo. Sekretarieti ya Ushoroba wa Kaskazini, iliyotokana na mkataba wa 1985, iko Mombasa, nayo hutumia Kiingereza na Kifaransa. Kwa hiyo anayekidharau Kifaransa kwa kuwa Kiswahili chake ni fasaha amejifungia nusu ya mlango.

Likoni nako kuna Dongo Kundu, eneo maalumu la kiuchumi linaloendelezwa kwa ushirikiano na Japani. Hapa wanaisimu wana kazi ya haraka. Sheria ya bahari ya 1982 inatambua ukanda wa kiuchumi wa kila nchi ya pwani, usiozidi maili 200 za baharini. Istilahi hizi mbili hukaribiana mno katika Kiswahili, ilhali moja ni ardhi yenye viwanda na nyingine ni maji yenye samaki. Mvuvi wa Mtongwe akisomewa tangazo la mojawapo, sharti ajue ni ipi.