Mgeni Mjini na Nguo za Mitumba

Somo letu la juma hili lawahusu wageni: kijana aliyetoka Faza au Kipini kuja Mombasa kutafuta kazi, au mke aliyemfuata mumewe, nao wana fedha kidogo na haja nyingi. Jambo la kwanza limshikalo mgeni ni haya ya mavazi. Huwatazama watu wa mji, akajiona yu uchi ilhali amevaa.

Twamjua kijana mmoja aliyeshindwa na haya hiyo. Kabla hajapokea mshahara wa kwanza alichukua suruali mbili na viatu vipya kwa deni, na kwa miezi mitatu mama yake asipate hata senti moja. Mama alidhani mwanawe amemsahau. Kumbe mwanawe alikuwa akilipa viatu, na akipita vichochoro vya nyuma ili asionane na mwenye duka.

Mtumba kwa asili ni mzigo uliofungwa, kisha jina la mzigo likawa jina la nguo zenyewe. Nyingi hutoka Uchina, Uingereza, Kanada na Marekani. Wenyewe huzitoa, nyingine huuzwa huko huko katika maduka ya sadaka, na zisizonunuliwa hushindiliwa katika marobota, ambayo aghalabu ni ya kilo 45. Mwaka 2020 serikali ilipozuia kuziingiza kwa ajili ya korona, tangu Machi hadi Agosti, ndipo wengi walipotambua ni nyumba ngapi zivishwazo nazo.

Kwetu soko lake kubwa ni Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali. Asubuhi robota lifunguliwapo, wachuuzi huokota zilizo bora, ziitwazo kamera, kwa bei ya juu. Zilizokwisha kuchaguliwa mara mbili tatu huitwa fagia, nazo hurundikwa chini kwa bei moja. Mgeni asione haya kuinamia fagia, ila asiiname bila ya kujua alitakalo. Aandike kabla ya kutoka nyumbani: mashati mawili ya kazi, shuka moja, basi.

Ukiishika nguo, iinue juani uone palipochakaa. Tazama ukosi, makwapa, viwiko na mapaja, maana huko ndiko nguo ifiako kwanza. Vuta mshono kwa vidole viwili, fungua zipu na kuifunga, hesabu vifungo. Inuse: harufu ya ukungu ni ngumu kutoka. Suruali usiyoweza kuijaribu, ikunje kiunoni uizungushe shingoni. Ncha zikikutana nyuma, yaelekea itakutosha. Viatu vikunje katikati, kwani gundi iliyokaa muda mrefu hufa, na soli ikabanduka siku ya pili. Na yaliyoandikwa kifuani msomeshe ajuaye. Tumemwona mtu safu ya mbele msikitini, shati lake lasifu pombe, naye hana habari.

Muuzaji naye ana haki juu yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta umaji chini, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha. Basi mwenye kulikunja shati ili tundu liende ndani ajue yuko wapi. Mnunuzi naye asilitie shati aibu lisilokuwa nayo ili apunguziwe.

Bei ya kweli si ile ya sokoni peke yake. Shati la shilingi 150, likihitaji fundi wa shilingi 100 na nauli ya shilingi 100, limekwisha kuwa la 350. Pengine lile la 250 lisilo na kasoro ndilo rahisi.

Nguo za ndani usinunue kabisa. Hata kanuni za nchi zimekataza kuziingiza. Zilizobaki zifue kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuzivaa, kisha zianike jua kali. Asili ya nguo ni tohara mpaka ionekane najisi. Kufua huku ni kwa ajili ya ngozi yako na ya wanao. Na kabla ya kufua, pekua mifuko. Ama fedha zionekanazo humo, wasomaji wawili wametuuliza hukumu yake, nasi tutawajibu katika somo lijalo, inshallah.