"Kusafisha" Njia ya Umeme: Uzito wa Kitenzi katika Delta ya Tana

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika Delta ya Tana, fahali hao ni haja ya umeme na haja ya kuhifadhi ardhi oevu, na nyasi ziumiazo ni nyasi hasa: matete na mafunjo yameayo chini ya nyaya. Makala haya yanauchunguza mgongano huo kwa jicho la lugha. Hoja yake ni kwamba kitenzi kilichomo katika amri anayopewa mfanyakazi mwenye panga ndicho kiamuacho kitakachosalia.

Fahali Wawili

Delta ya Tana, yenye hekta 163,600, iliorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1990. Humo Wapokomo hulima mpunga, Waorma huleta mifugo wakati wa kiangazi, na ndege wa majini huzaliana. Mafuriko yajapo, uwanda huo hupokea maji ya mto na kuyapunguza kasi.

Kwa upande mwingine, ipo laini ya kilovolti 220 itokayo Rabai, ikapita Malindi na Garsen hadi Lamu. Kabla ya laini hiyo, Lamu ilitegemea jenereta za dizeli. Laini nayo haijitunzi. Tawi likikaribia waya, umeme huruka na laini kukatika. Moto wa nyasi ukiwaka chini yake, moshi mzito waweza kuleta hitilafu iyo hiyo. Umeme ukizimika, wodi ya wazazi hubaki gizani na samaki wa mvuvi huoza. Kwa hiyo, haitoshi kusema kwamba mimea iachwe tu.

Vitenzi Vinne

Mkulima asemapo "nimesafisha shamba", maana yake ni kwamba hakuacha kitu. Kitenzi hicho hubeba hukumu: kilichoondolewa kilikuwa uchafu. Kikihamishiwa kwenye ardhi oevu, matete yanayochuja maji na kushika udongo huhesabiwa kuwa taka. Hata hivyo, Kiswahili kina vitenzi vilivyo sahihi zaidi.

(a) Kupogoa: ni kupunguza matawi. Hufaa kwa mkuyu unaokaribia waya, kwani kivuli na mizizi hubaki.

(b) Kufyeka: ni kukata majani na vichaka. Mafunjo yakifyekwa juu ya maji huchipuka tena kutoka kwenye sehemu zake zilizomo topeni. Lakini mafunjo na matete ni mafupi mno kuufikia waya wa laini kubwa. Aghalabu yatosha kufyeka kijia cha kufikia mnara.

(c) Kung'oa: huondoa mzizi na kuuacha udongo wazi, tayari kuchukuliwa na maji. Hata hivyo, ndicho kitenzi kifaacho kwa mathenge, mti wa kigeni ulioenea katika Kaunti ya Tana River, kwa sababu ukikatwa tu huchipuka.

(d) Kuchoma: hudhuru pande zote mbili. Huangamiza viota na huhatarisha nyaya zenyewe.

Wakati nao ni sehemu ya amri. Kazi ifanywayo kati ya Januari na Machi, ardhi ikiwa kavu, haihitaji magari mazito yanayoshindilia tope na kupotosha mikondo ya maji. Mwishoni mwa mwaka 2023, mafuriko yalikata barabara ya Garsen hadi Lamu. Anayengoja msimu huo ndipo akumbuke tawi lililorefuka huwa amechelewa.

Nafasi ya Kiswahili

Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2003 zinataka tangazo la mradi litolewe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji. Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini tangazo hutolewa mradi unapoanza, ilhali panga hurudi mwaka baada ya mwaka. Maagizo ya matengenezo yanastahili Kiswahili chenye uangalifu uo huo.

Hitimisho

Amri ya "safisha njia" ina maneno mawili na haiachi kitu. "Pogoa mikuyu, ng'oa mathenge, acha matete" ina maneno sita, nayo huacha taa ikiwaka na maji yakichujwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayedhani kuwa taaluma yake haina kazi nje ya darasa na ayapime maneno hayo sita.