Kabla ya Kufunga Mtaa Bagamoyo: Fanya Haya, Acha Haya

Jiji la Dar es Salaam linazidi kusogea kaskazini. Tegeta imejaa, Bunju inajaa, na ukivuka Mto Mpiji kuingia Mkoa wa Pwani unakutana na viwanja vipya Mapinga, Kerege hadi Zinga. Ndani ya Bagamoyo yenyewe watu wengi bado wanakwenda kwa miguu, na vichochoro vya Mji Mkongwe bado ni vya watu kabla ya kuwa vya magari. Hali hiyo inaweza kupangwa idumu. Zipo programu za kompyuta zinazoiga mwendo wa magari na watu mtaa kwa mtaa, ukajua mapema kitakachotokea ukifunga njia hii au ukiifanya ile ya upande mmoja. Programu hizo hizo zikishikwa vibaya hutoa ripoti ya rangi nzuri ya kuhalalisha kubomoa mtaa. Wewe mpangamiji, mhandisi wa halmashauri, mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, au diwani utakayeletewa ripoti mezani, yashike haya.

Anza kwa kuhesabu wanaotembea. Simama na karatasi India Street, stendi, sokoni, na kwenye soko la samaki ufukweni asubuhi mapema. Waenda kwa miguu wawe na safu yao, baiskeli yao, mikokoteni na maguta yao, bodaboda, bajaji, daladala na malori kila kimoja safu yake. Modeli, yaani mtaa ulioigwa ndani ya kompyuta, ikilishwa magari peke yake italinda magari peke yake, kwa sababu haijui kama kuna mtu mwingine barabarani. Hesabu ya namna hii inachosha. Ifanye.

Usihesabu siku moja ukaiita kawaida. Ijumaa mchana si Jumanne mchana. Masika, Machi hadi Mei, njia ya udongo inayopitika Januari inageuka dimbwi, na bajaji zote zinahamia kwenye lami. Tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, linapofika, au maulidi yanapokusanya wageni, mji una sura nyingine kabisa. Shule zikifungwa, sura nyingine tena.

Usiamini ramani kabla hujaitembea. Programu nyingi huchota barabara kutoka OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam ilipata bahati: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wakachora mitaa yao wenyewe, hasa kwa ajili ya mafuriko. Ukivuka Mpiji usidhani kila kichochoro kimechorwa. Njia ya miguu inayopita nyuma ya nyumba, ambayo watoto huitumia kwenda shule, isipokuwepo kwenye ramani basi kwa kompyuta haipo duniani. Na kabla ya lolote, hakikisha umeiambia programu kwamba sisi tunaendesha kushoto.

Usiiache bodaboda iigwe kama gari dogo. Chukua SUMO, programu ya bure inayotengenezwa na kituo cha anga cha Ujerumani tangu 2001. Usipobadilisha chochote, vyombo vyake vinafuatana kwenye mstari, kila kimoja nyuma ya mwenzake. Nani amewahi kuona bodaboda imesubiri nyuma ya fuso Barabara ya Bagamoyo? Upo mpangilio wa kukata njia moja katika vipande vyembamba ili pikipiki ipenye pembeni. Utumie. Bila huo, foleni utakayoiona kwenye skrini ni ya nchi nyingine.

Soma orodha ya magari yaliyorushwa. Jambo hili ripoti nyingi hulipita kimya. Katika SUMO, gari lililokwama sekunde 300 huondolewa lilipo na kuwekwa mbele kwenye safari yake, kama lisilowahi kukwama. Mipangilio ya kawaida ndiyo hiyo. Programu huandika onyo kila inapofanya hivyo, na asiyesoma maonyo atakuletea picha ya mtaa unaotiririka ilhali magari yake yamepaa juu ya foleni. Ukiletewa ripoti, swali lako la kwanza liwe: magari mangapi yalirushwa, na wapi? Asiyejua jibu arudi ofisini.

Usiziulize programu hizi habari za ajali. Madereva wa kompyuta wameundwa ili wasigongane. Wanatunza umbali, wanafunga breki kwa wakati. Kwa usalama wa mtoto anayevuka, tumia yale yaliyopimwa kwa watu halisi: Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Katika mtaa wa magari machache panga 30, na uweke matuta yanayolazimisha hiyo 30.

Endesha modeli mara nyingi, ukibadilisha kila mara namba ya bahati nasibu inayoanza nayo. Jibu la mara moja si jibu.

Usikubali kuambiwa kwamba kila gari litakalozuiwa hapa litajaa mtaa wa jirani. Mwaka 2002 watafiti Sally Cairns, Stephen Atkins na Phil Goodwin walichapisha mifano 70 kutoka nchi 11 ambako barabara zilipunguziwa nafasi ya magari. Katika nusu ya mifano hiyo, zaidi ya asilimia 11 ya magari yaliyokuwa yakipita hayakuonekana tena eneo lile wala jirani yake. Watu walibadili saa, wakaunganisha safari, wakatembea. Asilimia hiyo usiinakili Bagamoyo, kwa kuwa miji ile si hii. Ila modeli yenye idadi ya safari isiyobadilika itatabiri balaa kila mara. MATSim, nayo ya bure, humpa kila mtu wa kompyuta ratiba yake ya siku nzima na kumruhusu aibadilishe. Hiyo inamfaa mama anayepita zahanati, soko na shule katika safari moja kuliko hesabu ya magari ya saa moja ya asubuhi.

Jifunze kwenye turubai. Mitaa yetu hufungwa mara kwa mara bila mchoro wa mhandisi. Msiba ukitokea, turubai linakata barabara, viti vinapangwa, moto wa ubwabwa unawashwa pembeni. Harusi ni vivyo hivyo. Hakuna maabara ya Ulaya yenye jaribio la namna hii, na sisi tunaliacha lipite bure. Toa pole kwanza, kama jirani. Kisha usisimame mlangoni pa wafiwa na karatasi. Nenda njia panda za mbali na uandike: bajaji zimegeukia wapi, daladala limepita wapi, foleni imefika hadi wapi, imeisha saa ngapi. Halafu funga mtaa huo huo ndani ya kompyuta, siku hiyo hiyo ya wiki. Modeli ikisema eneo zima lingekwama, na wewe umeona madereva wakizunguka bila hata kupiga honi, modeli ndiyo yenye kosa. Isiguse mtaa wowote mpaka irekebishwe. Kipimo hiki nakiamini kuliko grafu yoyote, kwa sababu kimefanywa na madereva wetu, kwenye udongo wetu.

Amua habari ya bodaboda kabla ya kuchimbia nguzo za kuzuia magari. Mji Mkongwe wa Zanzibar una vichochoro ambavyo kuta zake zenyewe zinazuia gari, na bado pikipiki na vespa zinapita. Nguzo itafanya hivyo hivyo hapa. Usiwafukuze vijana hao kwa tangazo. Wamebeba wazee wetu hadi hospitali. Wapangie vijiwe pembezoni mwa eneo, uigize na safari ya miguu inayobaki mpaka mlangoni.

Mapinga na Kerege, wahi kabla ya nyumba. Mji wa Houten, Uholanzi, ulichorwa hivi kabla haujakua: mtu wa miguu au baiskeli anakatiza katikati, mwenye gari anatoka hadi barabara ya kuzunguka ndipo aingie mtaa mwingine. Viwanja vikishauzwa na kuta kujengwa, mchoro kama huo haupatikani tena kwa bei yoyote.

Usisahau bandari kubwa iliyopangwa kujengwa Mbegani, Bagamoyo. Makubaliano ya 2013, kusimama 2019, kufufuliwa kwa mazungumzo 2021: endesha modeli pamoja na malori ya Mbegani, kisha bila hayo. Mpango unaofaa upande mmoja tu haufai.

Usimfungie mgonjwa njia. Nguzo za katikati ziwe za kung'oka, na funguo ziwe kwa mwenyekiti wa mtaa, si mezani wilayani.

Rudi uhesabu. Anza kwa kufunga mtaa kwa mapipa ya mchanga, yakae miezi sita, masika yakiwemo. Kisha simama pale pale uliposimama mwanzo, kwa safu zile zile, na uzipeleke hesabu zote mbili pamoja na utabiri wa kompyuta kwenye mkutano wa mtaa, kabla hujaagiza saruji.